Aksesi pointi ya ukutani: malizana na umeme kwanza, ndiyo utoboe ukuta

#1 FundiMkunazini

Assalaam aleykum wakuu.

Naletewa sana aksesi pointi (AP, vile vifaa vya kurusha Wi-Fi) zilizokufa, na hadithi huwa ni ile ile: ukuta umetobolewa, fisha zimekaa, kifaa kimefungwa kimenyooka, waya ukachomekwa, taa ikawaka kidogo ikazima na haikurudi tena. Mwenye nyumba anaamini kauziwa kibovu. Ukikagua unakuta kifaa kilitoka dukani kizima, kilichokosewa ni umeme. Ndiyo maana nafungua uzi huu kwa yeyote anayetaka kufunga AP ukutani, kwake au kwa mteja. Suala la umeme limalize mezani, drili ije baadaye.

AP nyingi za ukutani hazina tundu la adapta, au tundu lipo lakini soketi iko mbali. Umeme unapita kwenye waya ule ule wa mtandao, ndiyo hiyo PoE (Power over Ethernet). Sasa PoE zipo za namna mbili, na kuzichanganya ndiko kunakoua vifaa.

Ya kwanza ni ya kiwango: 802.3af ya mwaka 2003, ikafuata 802.3at ya 2009, kisha 802.3bt ya 2018. Swichi (kiboksi cha kugawa mtandao kwa waya) ya namna hii haimwagi umeme ovyo. Kwanza inapeleka volti ndogo, kati ya 2.7 na 10.1, na kupima kama mwisho wa waya kuna ukinzani wa karibu omu 25,000. Ikiukuta inajua mlaji, yaani kifaa cha kula umeme huo, yupo, ndipo inapandisha volti hadi 44 na zaidi, mwisho 57. Ukichomeka laptopu au printa hapo haipewi umeme na haidhuriki.

Ya pili ni PoE pasivu, nayo haiulizi. Injekta (kiboksi kinachoingiza umeme kwenye waya wa mtandao) ikishaingia kwenye soketi, volti 24 (nyingine 12, 18 au 48) ziko kwenye waya muda wote, kawaida pini 4 na 5 chanya, 7 na 8 hasi. Chochote kilichopo upande wa pili kitazipokea, kiwe kimetengenezwa kwa ajili yake au hapana.

Kinachounguza zaidi ni injekta pasivu ya 48 kwenye kifaa cha 24. Kinyume chake, AP ya 48 ukiipa 24 haiwaki kabisa, au inawaka na kujizima kila redio inapoanza kurusha. Na AP ya 24 pasivu ukiichomeka kwenye swichi ya 802.3af, swichi inatafuta ule ukinzani haiuoni, haitoi kitu. Hapo mtu anasema swichi mbovu, anakwenda kununua injekta ya 48 ya bei rahisi, na jioni ile ile AP imeshakufa.

Jina la modeli peke yake halitoshi. UAP-AC-Lite za mwanzo zilikuwa za 24 pasivu tu, zilizofuata zikakubali 802.3af pia, na kwa sura huwezi kuzitofautisha. Geuza kifaa usome kibandiko cha nyuma. Kikiwa kimefutika, usichomeke kitu mpaka upate karatasi yake.

Halafu kuna suala la wati. Dukani utaambiwa af (ile 802.3af) inatoa wati 15.4. Ni kweli, lakini ni kwenye mlango wa swichi (tundu la waya). Kifaa kinahesabiwa kupata 12.95. Angalia zinakotoka: kiwango kinachukulia hali mbaya kabisa, volti 44 kwenye swichi, mkondo wa ampea 0.35, na waya wa mita 100 wenye ukinzani wa omu 20 kwenda na kurudi. 0.35 mara 20 ni volti 7 zilizopotea njiani. Zinafika 37, na 37 mara 0.35 ndiyo hiyo 12.95. Shikeni hesabu hii, itarudi tukifika kwenye nyaya. Kwa at (802.3at) ni wati 30 kwenye swichi na 25.5 kwenye kifaa. AP kubwa za Wi-Fi 6 nyingi zinataka at. Zipo zinazokubali kuwaka kwa af lakini zinapunguza nguvu ya redio kimyakimya, mteja anabaki kulalamika kwamba kifaa cha bei ghali hakifiki chumba cha pili.

Na swichi ya milango minane haimaanishi milango yote minane inashiba. Minane mara 15.4 ni wati 123.2. Swichi nyingi ndogo zina bajeti ya wati 60 na kitu kwa jumla, yaani milango minne ikila kwa ukamilifu imekwisha. Soma jumla, usihesabu matundu.

Ulizeni, niko hapa.

#2 Binti_Pangani

Shukrani mkuu, uzi umenikuta pazuri. Nina vyumba vichache vya wageni Pangani. Intaneti inaingia kwa antena ya juu ya paa, ina injekta yake nyeupe yenye matundu mawili. Nimenunua AP moja ya ukutani kwa ajili ya barazani, na kijana anayenisaidia anasema tuitumie injekta hiyo hiyo kwa kuigawa. Inawezekana?

#3 FundiMkunazini

Dada, msigawe. Injekta ile imepimwa kwa mlaji mmoja, na antena nyingi za juu ya paa ni za 24 pasivu. Tundu lililoandikwa POE linakwenda kwenye antena peke yake, LAN linakwenda kwenye rauta. Wengi wanakosea hapo: wakichomeka rauta kwenye tundu la POE wanapeleka volti 24 kwenye mlango usiozitarajia.

AP yako itahitaji injekta yake. Nenda kasome kibandiko cha nyuma ya AP na kibandiko cha injekta, uniandikie hapa maneno yote unayoyaona. Kabla ya hapo usichomeke chochote.

#4 Mkorofi_wa_Likoni

Salamu kutoka Mombasa. Naongezea kwa waya, maana hapa kwetu ndipo tunapoumia. Boksi la mita 305 utalipata kwa bei mbili tofauti kabisa, na lile la bei ya chini si shaba, ni alumini iliyopakwa shaba juu. Kwa nje huwezi kujua. Chukua kisu, paruza ncha ya waya mmoja: ukiona weupe ndani ya wekundu, ni alumini. Hata ukilibeba boksi utahisi ni jepesi.

Alumini hiyo ina ukinzani zaidi ya shaba kwa asilimia 50 na ushee. Data inaweza kupita ukafurahi, lakini umeme unapotea njiani na waya unapata joto. Tena inakatika ukiikunja mara mbili tatu, haswa nyuma ya sahani ya ukutani ambapo nafasi ni finyu.

#5 FundiMkunazini

Ahsante sana ndugu, umesema la maana. Nilinganishe na hesabu ya juu. Waya mzuri wa Cat5e una omu 12.5 hivi kwa mita 100, ukihesabu jozi mbili kwenda na kurudi. AP inayokula wati 8 kwa volti 24 inavuta ampea 0.33, kwa hiyo inapoteza volti 4 na kitu, inapata karibu 20. Weka alumini hapo, ukinzani unafika 19 au 20, unapoteza zaidi ya volti 6, inabaki 17 na kitu. Na kifaa kikiona volti zimeshuka kinavuta mkondo zaidi ili kipate wati zake, kwa hiyo hasara inaongezeka tena. Ndiyo zile AP zinazojizima usiku wageni wote wakiwa mtandaoni, na mchana ziko safi kabisa.

Kwa volti 48 kazi hiyo hiyo inataka nusu ya mkondo, na hasara ya joto kwenye waya inashuka mpaka robo. Ndiyo sababu nawashauri watu wanunue AP za kiwango cha af, hata kama ya pasivu ni rahisi kidogo.

Rangi kwenye kichwa cha RJ45: mimi nafuata mpangilio B pande zote mbili. Mweupe-chungwa, chungwa, mweupe-kijani, bluu, mweupe-bluu, kijani, mweupe-kahawia, kahawia. Kuna mafundi wanaobana nyaya nne tu, 1, 2, 3 na 6, kwa sababu mtandao wa megabiti 100 unafanya kazi. Injekta inayopeleka umeme kwenye 4, 5, 7 na 8 haitafika popote, na gigabiti huipati. Bana zote nane, kisha pima kwa testa kabla hujapanda ngazi.

#6 Kidaka

Sheikh, mimi niko Shangani, Mji Mkongwe Zanzibar, nyumba ya zamani ya ghorofa mbili. AP iko chumba cha kwanza, chumba cha pili mlango wa pili tu, simu inaonyesha mstari mmoja. Nimeambiwa ninunue yenye antena kubwa zaidi. Wewe unasemaje?

#7 FundiMkunazini

Usinunue. Ukuta wa Mji Mkongwe ni mawe ya matumbawe na chokaa, unene karibu nusu mita, na chumvi na unyevu umo ndani yake. Mawimbi ya gigahezi 5 yakiingia humo hayatoki upande wa pili kwa maana yoyote. Ya 2.4 yanatoka yamechoka. Na hata AP ikipiga kelele sana, simu ya mgeni ina nguvu ndogo ya kujibu. Mgeni ataona mistari imejaa lakini ukurasa haufunguki.

Vyumba vyetu ni virefu na vyembamba kwa sababu wajenzi walifuata urefu wa boriti za mikoko, ambazo haziendi mbali zaidi ya mita tatu hivi. Kwa hiyo kila baada ya mita tatu unakutana na ukuta mwingine mnene. Sakafu nazo ni boriti, mawe na chokaa iliyopigwa, usitegemee ya juu ihudumie chini. Katika nyumba kama hizi ni AP nyingi ndogo, kila moja kwa nguvu ya chini, jina la mtandao moja.

Pa kuifunga: angalia milango. Mbao zinapitisha vizuri kuliko mawe, hata zile za kuchongwa. Ukiweka AP ukutani kwenye ukumbi mwembamba, ikitazamana na milango ya vyumba viwili, unapata vyumba viwili kwa kifaa kimoja. Kimo cha mita 2 hadi 2.2 kinatosha. Epuka nyuma ya televisheni, nyuma ya kabati la chuma na jirani na kioo kikubwa, kwa sababu mgongo wa kioo ni metali. Chandarua hakina neno.

Angalia pia aina ya AP. Ile ya duara kama sahani imetengenezwa kwa dari, inarusha chini na pembeni. Ukiifunga ukutani inarusha mbele, na sehemu ya mawimbi inapotelea kwenye dari na sakafu. Ukumbini inaweza kufaa. Chumbani bora ile ya bapa inayokaa juu ya boksi la soketi. Maboksi tunayotumia huku ni yale ya mraba ya mtindo wa Kiingereza, sahani ya milimita 86, na AP hizo nyingi zinakaa humo bila marekebisho. Lakini zipo zilizotengenezwa kwa soko la Marekani, boksi lake ni refu na jembamba, hazikai. Uliza kabla ya kulipa. Chukua boksi la kina cha milimita 35 au zaidi ili waya ukunjike taratibu. Na usithubutu kuiweka kwenye boksi moja na umeme wa volti 230. Hata kama nafasi ipo.

Chaneli za 2.4 tumia 1, 6 na 11 tu, upana wa megahezi 20, na AP jirani zisiwe chaneli moja.

#8 SeifGrainda

Mimi huwa sihangaiki na trankingi (ile mifereji ya plastiki ya kufichia waya ukutani), inachafua chumba. Napitisha grainda, nachimba mfereji, nazika waya ndani ya paipu, nafunika kwa saruji, napaka rangi. Chumba kinabaki kisafi na mteja anafurahi.

#9 MwashiChokaa

Seif ndugu yangu, kwenye tofali za saruji fanya. Kwenye ukuta wa matumbawe nakuomba uache. Ukuta ule unapumua, unyevu unaingia na kutoka kupitia chokaa. Ukiweka mstari wa saruji, unyevu unakwama pembeni yake, chumvi inajikusanya, na baada ya masika mbili tatu plasta inavimba na kudondoka kufuata mfereji wako wote. Nimebandua mistari kama hiyo katika nyumba nyingi, na jiwe la ndani linakuwa limeoza unga.

Tena usisahau Mji Mkongwe uko kwenye Urithi wa Dunia wa UNESCO tangu mwaka 2000. Kazi inayogusa sura ya jengo inataka idhini ya Mamlaka ya Mji Mkongwe. Pitisha waya juu ya boriti, ukutani kwenye kona ambapo kivuli kinaficha trankingi nyembamba, au ndani ya zidaka (vishubaka vya ukutani) kama zipo. Tundu likishatobolewa lizibwe kwa chokaa na mchanga.

#10 FundiMkunazini

Naunga mkono kila neno la Mwashi. Naongeza la drili: plasta ya chokaa ni laini, ukitumia nyundo ya drili inamomonyoka na fisha inazunguka tu. Zima nyundo, anza na biti ndogo ya milimita 5, mwendo wa taratibu, mpaka usikie umefika kwenye jiwe lenyewe. Fisha ya sentimita tatu inaishia kwenye plasta. Tumia ndefu, sentimita tano au sita. AP yenyewe ni nyepesi, kinachoing'oa ni waya ulioachwa unaning'inia. Fungeni waya ukutani kwanza, AP isibebe kitu.

#11 Hamad_Chake

Kwetu Pemba umeme ukikatika ndiyo mgeni anaulizia Wi-Fi. Niwekeje betri? Nina AP tano.

#12 FundiMkunazini

Hapa ndipo PoE inapokufaa, maana walaji wote wamekusanyika kwenye swichi moja. Ukiilinda swichi, rauta na kiboksi cha faiba, nyumba nzima iko hewani. AP tano mara wati 8 ni 40, swichi yenyewe weka 10, rauta na kiboksi cha faiba 15. Jumla 65. Betri ya asidi ya volti 12, ampea-saa 100, ina wati-saa 1,200, lakini ukitaka idumu usitumie zaidi ya nusu, 600. Inverta inakula asilimia 15 hivi, inabaki 510. Gawa kwa 65, unapata saa saba na nusu na ushee. Ya lithiamu ya ukubwa huo huo itakuvusha usiku mzima kwa kuwa unaweza kuishusha mpaka asilimia 80.

Zipo swichi za PoE zinazopokea moja kwa moja umeme wa betri wa volti 48, bila inverta. Ni nzuri, ila angalia mambo mawili. Betri nne za asidi mfululizo zikiwa zimeshiba na chaja inazishikilia kwa 13.8 kila moja, unapata 55.2, salama. Chaja ikipandisha hadi 14.4 inakuwa 57.6, umevuka ile 57 niliyoitaja mwanzo. Iweke chaja isifike huko. Na zikiishiwa hadi 11.5 kila moja una 46: af inaendelea, lakini at inataka zisiwe chini ya 50 kwenye mlango wa swichi, kwa hiyo AP kubwa zitaanza kuzima mapema.

Zile UPS ndogo za rauta zenye tundu la PoE la volti 15 au 24, hiyo ni pasivu. Kwa AP ya af hazifai.

#13 Kidaka

Na ya nje, ukuta wa barazani unaotazama bahari? Naona dada wa Pangani naye ana kesi hiyo.

#14 FundiMkunazini

Nje tumia iliyoandikwa ya nje, mdomo wa waya utazame chini, na waya ushuke chini ya kifaa kwanza kisha upande, ili maji yadondoke hapo badala ya kuufuata waya mpaka ndani. Hewa ya bahari inakula vichwa vya RJ45. Ukiona ukijani kwenye pini, kata ubane kipya. Kumbuka pini hizo zinabeba umeme, kwa hiyo zenye unyevu zinaoza haraka kuliko za waya wa data tupu. Na ukichomoa waya wa PoE unaofanya kazi, cheche ndogo inaunguza ncha ya pini. Zima mlango wa swichi kwanza.

Waya ukitoka jengo moja kwenda jingine, pitisha faiba. Radi ya masika haihitaji kupiga nyumba yako. Ikipiga jirani inatosha kuingia kwenye shaba ndefu ya nje na kuchukua swichi na kila kilichochomekwa. Kama ni shaba tu unayoweza, weka kizuia radi pande zote mbili na waya wa athi wa kweli, uliofika ardhini.

#15 Binti_Pangani

Nimerudi. AP imeandikwa "802.3af/at, 48V". Injekta ya antena imeandikwa "24V 0.5A". Kutoka kwenye rauta hadi barazani nimepima kwa futi kamba, ni kama mita 30.

#16 FundiMkunazini

Vizuri sana dada. Hiyo injekta ibaki na antena yake, hizo ni wati 12 tu na volti si zenyewe. Nunua injekta iliyoandikwa 802.3af au at, na iwe ya gigabiti. Kama imeandikwa 48V tu bila neno 802.3, iache, hiyo ni pasivu. Waya wa shaba tupu wa nje mita 35, ili ubaki na ziada ya kukunja pande zote mbili.

Kabla kijana hajapanda ngazi, unganisheni vyote mezani kwa waya ule ule mtakaoufunga. Kutoka kwenye rauta tumia kipande kifupi kwenda tundu la LAN la injekta, na waya mrefu kutoka POE kwenda AP. Iacheni iwake mpaka taa itulie, chukua simu, fungua video mbili tatu kwa pamoja iwe na kazi. Ikikaa saa nzima bila kujizima, toboeni. Injekta yenyewe ibaki ndani, mahali pakavu, isikae barazani.

#17 Binti_Pangani

Kijana ameenda Tanga mjini kuitafuta. Nimemwandikia kwenye karatasi "802.3af, gigabiti" na kumwambia asome mwenyewe kwenye boksi.